Muuguzi Aliyeingiza Mikono Mfukoni

Nitawapa mfano mmoja na sitawachelewesha. Najua wengine mmeacha maharage jikoni, na hamkumwamini mtu kuyaangalia.

Kulikuwa na muuguzi mmoja katika kituo cha afya, aliyefanya kazi wodini miaka ishirini. Mtoto akiishiwa maji, mishipa imelala, wengine wote wamemchoma wakashindwa, akipelekwa kwake anawekewa dripu mara moja. Kwa sababu hiyo chuo kikamletea wanafunzi awafundishe.

Alifundishaje? Mwanafunzi alishika sindano, yeye akasimama pembeni: "Angalia mshipa. Angalia vizuri." Mwanafunzi akisita kidogo, "Lete hapa, utamtoboa bure mtoto wa watu." Anachukua, anamaliza, anaondoka. Kisha anawalalamikia wenzake kwamba watoto wa siku hizi hawashiki kitu.

Mnamfahamu mtu huyo? Msimtazame jirani.

Siku moja akateleza kwenye korido iliyotoka kupigwa deki. Mkono wa kulia ukavunjika, ukafungwa plasta ngumu. Mkuu wa kituo akamwambia aje tu akae na wanafunzi. Asubuhi moja akaletwa mtoto wa miezi saba, ameharisha siku mbili, macho yamezama, hata kulia halii tena. Muuguzi mwingine wa zamu alikuwa anazalisha. Aliyebaki ni mwanafunzi mmoja, binti, na alishachoma mara moja akakosa.

"Angalia mshipa," muuguzi akasema.

"Naangalia, Sista. Hakuna."

"Upo."

"Wewe unauona wapi?"

Akainama juu ya mtoto, akatazama. Hata yeye hakuuona. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya mguu wa mtoto, karibu na kifundo, ili amwonyeshe. Kidole kikaenda chenyewe, kikabonyeza, kikaachia. Hapo ndipo alipojua kwamba miaka yote ishirini hakuwahi kuangalia mshipa. Alikuwa akiupapasa, macho yakiwa kwa mama wa mtoto, akimpa pole.

"Nilikufundisha vibaya," akasema. "Acha kuangalia. Weka kidole hapa. Bonyeza, achia. Kuna kitu laini kinarudi, kama tambi iliyoiva?"

"Ngoja... Kipo."

"Kidole kisiondoke. Choma chini yake, taratibu. Sikunyang'anyi."

"Utaninyang'anya kwa mkono gani, Sista?"

Damu ikarudi kwenye sindano. Dripu ikaanza kushuka, na kabla ya mchana mtoto alikuwa analia kwa hasira. Mama yake akacheka.

Mkono ulipopona, wote walijua atachukua sindano yake. Alifika wodini, akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya gauni la kazi, akasema, "Haya, nani anaanza?"

Na sisi je? Tunasema binti zetu hawajui kupika, wageni katika kikundi hawajui kuongoza sala. Nani aliwanyang'anya mwiko? Tunawaambia "angalia," na tunachofanya wenyewe ni kingine, wala hatujawahi kukaa tukajiuliza ni kipi. Mungu ametupa mikono inayojua kazi. Alitupa ili tuzikwe nayo?

Tusingoje kuvunjika. Leo ukifika nyumbani, mpe binti yako mwiko. Mwambie ni harufu gani unayoingoja kwenye sufuria. Halafu mikono mfukoni. Asiye na mfuko, aikalie.