Binti Aliyepigana Peke Yake

Palikuwa na sultani wa mji wa Mkunguni, Seyyid Shekhani, mtu aliyejaliwa kila kitu isipokuwa masikio ya kusikilizia habari za mwanawe. Huyo mwana, Ghalibu, alikuwa na miaka kumi na ngumi za mchukuzi. Alisoma Kurani chuoni kwa Maalim Shee pamoja na watoto wa wahunzi, wafinyanzi na wasusi, na karibu wote alikwisha kuwaonjesha ngumi hizo.

Sasa pale chuoni palikuwa na utaratibu wa miaka na miaka. Watoto wakipigana, Maalim huandika kwenye ubao wa kila mmoja nani kapigana na nani, na kwa kisa gani. Mtoto hurudi nao nyumbani. Mzazi akiusoma, au akisomewa na jirani, akaridhika, huuosha kwa maji na kuurudisha. Ubao ukirudi safi, yamekwisha. Ukirudi na wino wake, mzazi ana neno.

Ubao wa Ghalibu ulioshwa mpaka ukaanza kupinda. Sultani akachoka. Wewe na mimi tungemkalisha mtoto kitako. Yeye alimkalisha Maalim. Akatoa amri: mbao zote zipitie kwanza kwa karani wake zigongwe muhuri, na yeyote atakayeandika au kutamka kwamba mwana wa sultani kapigana, atakula viboko kumi na viwili, awe nani awe nani. Hayo ya mwisho aliyatia kwa mbwembwe tu, na baraza ikapiga makofi.

Katika mji huohuo alikuwapo mjane mmoja, Mwanakombo, msusi wa mikeka. Mali hakuwa nayo, ila ulimi alipewa na ziada. Siku moja alasiri bintiye Raya akarudi na mdomo umevimba na ubao una muhuri mwekundu. Jirani akausoma: “Raya binti Makame leo amepigana. Amepigana peke yake.” Akausoma tena, akidhani macho yamemchezea.

Kumbe Maalim, kwa mazoea, alikuwa ameandika kweli tupu; karani akamwonea huruma, akalifuta jina la Ghalibu, akaona pengo, akaliziba alivyoweza. Raya akamweleza mama yake yote. Ghalibu alimnyang'anya juzuu yake, akamtandika ngumi ya mdomo. Raya akajibu kwa moja tu, na jino likaruka. Mwanakombo hajawahi hata kucheka, askari huyo mlangoni: kesho asubuhi afike barazani, na binti asikanyage tena chuoni.

Mwanakombo akalia, tusimfiche. Raya alibakisha juzuu mbili tu ahitimu, na katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuhitimu. Mkeka wa siku ile ulikwisha kusukwa, umekunjwa uvunguni. Alipomaliza kulia akauvuta ubao auoshe, kwa kuwa ndiyo desturi. Akauangalia ule muhuri. Maji akayamwaga uani.

Asubuhi baraza ilijaa, Maalim kajikunyata pembeni. Mwanakombo akaingia na ubao kwapani, akaamkia.

“Nashika miguu, Seyyidi.”

“Marahaba. Wewe ndiye mama wa yule aliyemng'oa jino mwanangu?”

“Mimi mama wa Raya. Hilo la jino nalisikia kwako.”

“Hukuletewa habari kutoka chuoni?”

“Nimeletewa, na nimekuja nayo. Naomba isomwe.”

Karani akapewa ubao. Akausoma polepole, maana mwandiko aliujua. Alipofika kwenye “peke yake”, wazee wawili wa baraza walishikwa na kikohozi kwa pamoja.

“Mambo ya makaratasi hayo,” sultani akasema. “Mji mzima unajua kapigana na mwanangu.”

Mwanakombo akainamisha kichwa.

“Umetamka, Seyyidi.”

“Nimetamka nini?”

“Lile lenye viboko kumi na viwili, awe nani awe nani. Mimi sikio langu hili bovu, sikusikia. Ila baraza imejaa.”

Kikohozi kikaenea. Sultani akatazama kulia, akatazama kushoto, asipate wa kumsaidia. Lakini naye hakuwa mjinga wa kutupwa. Akajiweka sawa kitini.

“Sikiliza, bibi. Mwanangu hakupigana. Kupigana ni kupiga na kupigwa. Yeye alipigwa tu.”

Hapo Mwanakombo aliona kwamba jibu lina meno. Akazikumbuka juzuu mbili alizobakisha Raya, akainua kichwa.

“Kumbe ndivyo. Basi kosa ni la ubao, nasi tuusahihishe. Maalim, tafadhali, chukua kalamu na ubao mwingine.”

Maalim akachukua kalamu. Ubao akauweka magotini.

“Andika: Ghalibu, mwana wa sultani, miaka kumi, amepigwa na Raya, binti wa msusi wa mikeka, miaka minane. Amepigwa asiinue hata mkono. Karani agonge muhuri, kisha ubao ukae hapa mlangoni siku saba, wageni wa Seyyidi wasome wajue mtoto alivyoonewa.”

Maalim akachovya kalamu kwenye wino.

“Weka kalamu chini,” sultani akasema.

Maalim akaiweka, upesi kuliko alivyoichukua. Sultani akasugua paji la uso. Ubao wa kwanza ulikuwa bado mikononi mwa karani, na muhuri wake mwenyewe unamtazama. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayetaka wageni waondoke.

“Haya. Ubao umesema kapigana peke yake, na muhuri ni wangu. Lakini vita ni vita, na fujo chuoni siitaki. Huyo binti yako nimfanye nini?”

“Usijisumbue, Seyyidi,” Mwanakombo akasema. “Nimeshawapatanisha wote wawili, Raya na Raya. Jana wamekula sahani moja, wamelala kitanda kimoja, na asubuhi hii wametangulia chuoni pamoja.”