Sinia la Mwanakombo

Mfalme mmoja alikuwa na ngome, na ndani ya ngome alikuwa na jiko lililolisha askari wake wote. Mwaka aliotaka kuongeza ghorofa juu ya kasri, aliliona jiko lile ni hasara tupu, akalifunga. Akaamuru kila nyumba ya mji imlishe askari mmoja, asubuhi na jioni, kisha akajisifu mbele ya mawaziri kwa akili hiyo. Hajawahi kulala njaa, basi angejuaje chakula kinafanya nini kati ya watu?

Askari mmoja, Farjala, alipangiwa nyumba ya Mwanakombo, mjane aliyesuka mikeka. Siku za mwanzo mama huyo alimwekea sahani kizingitini na kufunga mlango, kama anayemlisha paka wa jirani. Hakumficha kwamba anamchukia. Farjala alikula kwa aibu, amechutama, bunduki magotini. Masika ilipoanza, Mwanakombo alimwona analowa, akamwambia kwa ukali aingie ndani. Sinia lilikuwa moja, wakala pamoja. Na kwa watu wa mji ule, waliotia mikono katika sinia moja wamekwisha kuwa jamaa, wapende wasipende. Siku zilivyokwenda akaanza kumwita mwanangu. Farjala, aliyefiwa na mama yake angali mdogo, akawa anapanda juu ya paa kumzibia panapovuja. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingine pia.

Ghorofa haikuisha. Mfalme akatoa amri ya pili: vinu vyote vya mji vipelekwe ngomeni, na anayetaka kutwanga aende akatwange huko, nusu ya mchele ibaki kwa mfalme. Walitumwa askari wenyewe kuvichukua. Farjala alikibeba kinu cha Mwanakombo begani. Jioni mama yule alimpakulia kama kawaida, ila yeye mwenyewe hakula. Farjala alilitazama tonge mkononi mwake, akashindwa kulimeza.

Lakini michi ilikuwa imebaki majumbani. Asubuhi moja wanawake wakaishika wakatoka, waume zao wakawafuata, na mji mzima ukasimama mbele ya ngome ukidai vinu vyake. Mwanakombo alikuwa mbele kabisa, amejifunga kibwebwe. Jemadari akawapanga askari mstari mmoja, akaamuru wapige risasi.

Hakuna aliyepiga. Kila askari alikuwa akiutafuta katika umati uso wa yule aliyempikia. Farjala alijua malipo ya askari anayekaidi amri. Aliogopa. Hata hivyo alitoka mstarini, akaenda kusimama mbele ya Mwanakombo, akamgeukia jemadari na kusema kwa sauti iliyofika hadi dirisha la mfalme:

"Jana nilikula kwa mama huyu. Leo sitampiga risasi, wala wewe hutampiga nikiwa hai."

Jemadari akampiga yeye risasi. Farjala alianguka miguuni pa Mwanakombo, na kabla moshi haujatawanyika askari wote walikuwa wamegeuza mitutu yao kuielekea ngome. Jemadari alitupa silaha akakimbia. Lango lilifunguliwa na walinzi wenyewe, na mfalme akatorokea mlango wa nyuma bila viatu.

Vinu vilikutwa vimerundikwa katika lile jiko lililofungwa, juu ya majivu ya zamani. Wanawake walivitoa, kila mmoja na chake. Mwanakombo hakwenda kukitafuta chake siku ile. Aliomba msaada wa askari wanne, wakamchukua Farjala hadi nyumbani, akamlaza juu ya mkeka mpya na kumlilia kama anavyoliliwa mtoto wa kuzaa.

Basi ninyi mnaosimama na silaha kwenye malango ya wakubwa, je, mmekwisha kujiuliza chakula mlichokula jana kilipikwa na nani?