Herufi Iliyosimama Kichwa Chini

Mtu hawi mjinga kwa sababu ameuliza. Mjinga ni yule anayekubali kubaki gizani ili asichekwe. Merle Trevaskis wa Bendigo, mji wa Australia, mshonaji mstaafu, alikuwa mtu wa maswali tangu utotoni, na mdogo wake wa kiume, Clarrie, alimwonea haya tangu utotoni vilevile.

Jumamosi moja walipeleka pauni ya dhahabu ya babu yao, yenye sura ya Malkia Victoria, kwa mnunuzi wa dhahabu aliyeweka meza hotelini. Paa la nyumba yao lilikuwa limeliwa na kutu, na mvua za baridi zilikuwa mlangoni. Mnunuzi aliitupa sarafu kwenye mizani, akataja bei.

"Samahani," Merle alisema. "Mbona hii V ya jina la Malkia ina kovu katikati?"

"Mama, mimi nanunua uzito, sinunui alfabeti. Jumatatu inayeyushwa."

Foleni nzima iliangua kicheko. Uso wa Clarrie uliiva kama nyanya. "Dada, utatuaibisha mpaka lini? Chukua hela twende!"

"Kama huyu hajui, nitamuuliza anayejua." Merle aliinyakua sarafu yake, akatoka kama mshale, Clarrie akimfuata.

Ng'ambo ya barabara, katika ukumbi wa kanisa, wakusanyaji wa sarafu walikuwa wakinywa chai. Merle alimwendea moja kwa moja Hedley Roskilly, mzee aliyechonga mihuri ya chuma maisha yake yote, akamuuliza swali lilelile. Hedley alibana kioo cha kukuzia jichoni. Aliinama, akainuka, akainama tena.

"Merle! Hii si V. Ni A!"

"A ya wapi tena?"

"A iliyopinduliwa! Enzi zile muhuri wa kupigia sarafu ulitiwa herufi moja moja, kwa nyundo. Fundi alikosa V, akachukua A, akaisimamisha kichwa chini, kisha akajaribu kuufuta ule mstari wa katikati. Hilo kovu lako ndilo mstari wenyewe! Miaka arobaini nazisikia hizi, leo ndiyo naishika!"

Ukumbi ulilipuka. Viti vilianguka, miwani ikagombaniwa, kila mtu akitaka kuchungulia. Bwana mmoja kutoka Melbourne alitaja bei mara kumi na tano ya ile ya mizani. Kabla hajafunga mdomo, mama aliyekuwa karibu naye akaipandisha.

"Dada, hilo ni paa zima!" Clarrie alinong'ona.

"Na mifereji yake," Merle alijibu, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

Clarrie akakohoa kidogo. "Jamani, nina swali, labda la kipuuzi. Huyo fundi alikosaje V?"

Hakuna aliyecheka. Hedley alimvutia kiti, akamwekea kioo mkononi, akaanza kumweleza kuanzia mwanzo.

Ama kweli, kuuliza si ujinga.