Mama Fisi-Maji na Samaki Aliye Hai

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa mto, na mto una wenyewe!"

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna hapo nyuma, tafuna polepole, usije ukanisahaulisha.

Hapo zamani za kale, Mama Fisi-maji aliishi na wanawe watatu ukingoni mwa mto. Wa kwanza aliitwa Shupa, wa pili Tungu, na wa mwisho Kitinda. Nyumba yao ilikuwa pango la vyumba vitatu, nalo alilichimba mama huyo kwa kucha zake mwenyewe.

Aliwapenda wanawe, jamani, aliwapenda kupita kiasi! Akivua samaki, anamuua hukohuko mtoni. Anamparua magamba. Anamtoa miiba. Ndipo anawapelekea watoto, wanakula, wanalala.

"Mama, tufundishe kuvua," Kitinda alisema siku moja.

"Maji ni ya baridi, mwanangu. Kesho."

Na hiyo kesho haikufika.

Basi siku moja Mama Fisi-maji akakanyaga mgono, ule mtego wa vijiti wa wavuvi. Kijiti kikamchoma mguu, mguu ukavimba. Akawa hawezi tena kupiga mbizi. Watoto wakalia njaa.

Hodi, hodi! Nani? Kenge.

"Pole, jirani," akasema Kenge. "Nitawaletea samaki. Nawe nipe chumba cha mbele tu, ninyooshe mkia wangu."

Mama angefanyaje? Akampa. Watoto wakala.

Kesho yake Kenge akaleta samaki mdogo zaidi, akataka chumba cha kati. Akapewa. Siku ya tatu akaleta samaki ananuka, akasema, "Kesho nataka na chumba cha ndani. Nyinyi mtalala nje. Nje kuna hewa."

Nje! Nje kuna chatu, na chatu anapenda watoto wanono. Mama Fisi-maji moyo ukampasuka.

"Wanangu," akasema, "nendeni mtoni mkavue."

Shupa akaenda, akarudi mbio. "Mama, samaki wa leo wana wazimu, wanakimbia!"

Tungu akaenda, akarudi analia. "Mama, samaki amenitazama!"

Kitinda akaenda, akakaa huko, akarudi mikono mitupu. "Mama, nilimsubiri samaki aliyelala. Hajapita hata mmoja."

Mnacheka? Mama hakucheka. Aliinamisha kichwa. Wanawe walikuwa hawajamwona samaki aliye hai hata siku moja.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimewashibisha tu, sikuwafunza."

Kwenye tundu la ukingoni, juu ya pango lao, alikaa Mdiria, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, anayevua kwa kujitupa majini. Alikuwa amesikia yote.

"Shoga, futa machozi," akasema Mdiria. "Mimi wangu nawaletea kwanza samaki aliyekufa. Wakikua kidogo, nawaletea aliyezimia. Halafu namwachia aliye hai kwenye maji machache, nami nakunja mabawa. Hapo pa kukunja mabawa ndipo pagumu. Wako umewatupa kwenye darasa la mwisho kabla ya la kwanza."

Wakapanga mawe kwenye maji ya kina kifupi, kikawa kidimbwi. Mdiria akajitupa mtoni, chubwi! Akaja na perege mzima, akamwachia ndani. Kisha akaimba, nanyi itikieni:

"Tulia, tazama, ingia!"

Shupa hakutulia. Alijirusha pwaa, maji yakaruka, perege akajificha. Tungu alitulia, lakini alifumba macho kwa hofu, akaibuka na jiwe.

Mama alikuwa anawashwa mwili mzima. Akainuka na mguu wake mbovu, amkamate perege mwenyewe.

"Kaa chini, shoga!" Mdiria akafoka. "Ukimshika wewe, kesho mnalala nje!"

Mama akakaa. Akauma mdomo, akakaa.

Kitinda akatulia. Akatazama. Akaingia. Akaibuka na perege mdomoni, mkia unamchapa mashavu, naye hamwachii!

Kaka zake walipoona hivyo, wakaona haya, wakarudia. Wakakosa, wakarudia tena. Mpaka jioni wote watatu walikuwa wanavua kwenye maji yenye kina.

Kesho yake Kenge akaja. "Haya, tokeni."

"Hatuhitaji tena samaki wako," akasema Mama. "Na huyo wa jana alikuwa ameoza, watoto wameumwa tumbo. Nirudishie vyumba vyangu."

Kenge akacheka, akajinyoosha chumba cha mbele, mkia huo, mrefu. Kitinda akatulia. Tungu akatazama. Na Shupa, bwana haraka, akaingia! Wote watatu wakaung'ang'ania ule mkia. Kenge alitoka mbio, hakuaga.

Jioni ile watoto wakamwekea mama yao perege watatu. "Kula, mama."

Tangu azae, hakuna aliyewahi kumwekea chakula. Alitazama wale samaki. Akamchukua aliye mkubwa kuliko wote, akachechemea mpaka kwenye tundu la Mdiria.

"Ahsante, shoga yangu. Mimi niliwazaa. Wewe umenifunza kuwaachia."

"Ahsante na wewe," akasema Mdiria. "Leo nakula bila kulowa!"

Wakacheka, wakala pamoja, na urafiki wao haukuisha.

Basi, wanangu, anayekulisha mshukuru. Anayekufunza kujilisha, mshukuru maisha yako yote, hata kama alikufokea. Na nyinyi mama zao mnaojifanya hamsikilizi, kesho waacheni washike samaki wenyewe.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ichukueni mlale nayo. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.