Digidigi Aenda Kuaga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko, mikeka na majirani wa kugombana nao, Digidigi alikuwa na hamu moja iliyomnyima usingizi: kuuona Mji wa Kuta.

Mji huo, watoto, ulikuwa mkongwe kuliko babu wa babu yake Tembo. Lango lake lilichongwa maua ya mayungiyungi. Vichochoro vyake vilikuwa vyembamba, hata twiga wawili wakikutana, mmoja sharti arudi kinyumenyume. Digidigi alikuwa amesimuliwa hayo yote, ila alikuwa hajaona hata moja.

Basi jirani yake, Bi Fisi, alipomwambia, "Shoga, twende tukautembelee Mji wa Kuta, mimi na wewe na Bwana Chui," Digidigi alikubali kabla sentensi haijaisha.

Jioni walikaa uani kwa Bi Fisi kupanga safari. Digidigi alitaka kujua kila kitu.

"Tutalala wapi?"

"Kwa binamu yangu, nyuma ya soko," alisema Bwana Chui huku akijilamba kiganja.

"Tutaingia lango lipi?"

"Hilo hilo lenye maua yako."

"Na kurudi ni lini?"

Bi Fisi alimtazama Chui. Chui akatazama paa la jikoni.

"Kurudi tutapanga huko huko," alisema Bi Fisi.

"Na chakula cha njiani?"

"Shoga, una maswali kama hakimu. Chakula kipo."

Digidigi aliitazama mizigo iliyofungwa pembeni. Kulikuwa na mkeka, kanga na kibuyu cha maji. Hapakuwa na hata mfupa mmoja. Na Bi Fisi, watoto, hakuwahi kwenda hata mtoni bila mfupa wa kutafuna. Njia ilikuwa ndefu, na walanyama wawili hawakubeba nyama.

Hapo Digidigi akaelewa. Chakula cha njiani kilikuwa yeye.

Afanye nini? Akikataa kwenda, watajua kwamba amejua, na kati ya nyumba yake na ya Bi Fisi palikuwa na ua wa makuti tu. Akikimbia, Chui ni Chui.

"Sawa," alisema. "Ila asubuhi nipeni nafasi nikaage. Kwetu mtu hasafiri bila kuaga."

"Aga, shoga, aga," alisema Bi Fisi, akaangua kicheko, hi hi hi, mpaka Chui akamkanyaga mguu.

Asubuhi Digidigi alikwenda moja kwa moja kwa Nyati.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivi, hujanywa chai?"

"Nasafiri kwenda Mji wa Kuta. Nimekuja kukuaga. Una salamu kwa binti yako?"

Nyati aliacha kutafuna. Binti yake aliolewa huko, mwezi wa kujifungua ulikuwa umefika, na hakuna aliyeleta habari.

"Kaniulizie kama amejifungua salama," alisema kwa sauti nzito. "Na mtoto wamempa jina gani. Unakwenda na nani?"

"Na Bi Fisi na Bwana Chui."

"Hao?"

"Hao."

Alitamani kumweleza, lakini ushahidi wake wote ulikuwa mfupa ambao haukuwapo. Akasema tu, "Nisindikize mpaka njia panda, Mzee, unikabidhi kwao. Na tukifika hapo, ninong'oneze neno sikioni."

"Neno gani?"

"Lolote."

Nyati alimkazia macho. "Nitakuja," alisema. "Na ndugu zangu."

Walikuja kweli. Ardhi ilivuma, ndi ndi ndi, na pembe zikajaa njia panda yote. Bi Fisi aliuma midomo.

"Namkabidhi mwanangu huyu kwenu," Nyati aliwaambia. "Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mzee," alijibu Chui, mkia chini.

Kisha Nyati aliinama akamnong'oneza Digidigi: "Funga vizuri mkoba wako, umelegea."

Digidigi akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyekabidhiwa siri ya ukoo.

Walitembea mpaka jua likaanza kuinama. Tumbo la Bi Fisi likanguruma, nguru nguru. Kwenye korongo lisilo na mtu, Chui alisimama.

"Hapa panafaa."

"Panafaa nini?" aliuliza Digidigi.

Chui alikaa mbele yake, Bi Fisi akakaa nyuma.

"Tutasema aliteleza mtoni," alisema Bi Fisi, akimzungumzia kama sufuria. "Nyati atalia siku mbili, basi."

Digidigi aliishika sauti yake. "Semeni hivyo. Na jina la mjukuu je?"

"Mjukuu gani?"

"Mlimwona Mzee akininong'oneza. Amenituma nimletee jina la mjukuu wake, akanipa neno. Binti yake hatataja jina la mtoto mpaka alisikie neno hilo, ndivyo walivyoagana baba na mwana. Mkirudi bila jina, Mzee atakuja kulitafuta mwenyewe. Na wa mwisho kuonekana nami ni nani?"

Nzi alipita, vuuu.

"Mdogo wangu," alisema Chui kwa upole wa ajabu, "tuambie hilo neno, tukusaidie kulikumbuka."

"Nikilisema mnanila."

"Na usipolisema?"

"Mtanila pia. Ila mtakuwa mmemlia na mjukuu wa Nyati jina lake."

"Anadanganya huyu," alifoka Bi Fisi.

"Pengine," alisema Digidigi. "Nile ujue."

Chui alijikuna shingoni, akajikuna tena. Halafu akainuka.

"Twende."

"Chui, weee!"

"Nimesema twende. Wewe pembe za Nyati unazijua kwa kuzitazama. Mimi kovu ninalo."

Walipofika mtoni, alimbeba Digidigi mgongoni asije akateleza kweli.

Langoni, mlinzi alimwita binti wa Nyati, naye akaja mbio, ndama ubavuni. Bi Fisi, dhaifu kwa njaa, alisogea karibu na kutega masikio yote mawili.

"Baba anakusalimu," alisema Digidigi. "Anauliza umejifungua, na mtoto anaitwa nani?"

"Anaitwa Sikudhani, na wiki ijayo tunampeleka kwa babu yake na ukoo mzima. Utarudi nasi, shangazi. Karibu ndani."

Bi Fisi alibaki mdomo wazi. "Na lile neno?"

"Neno gani?" aliuliza binti wa Nyati.

Bi Fisi na Chui waligeuka kumtafuta Digidigi. Alikuwa tayari katikati ya kichochoro, shingo juu, anatazama madirisha.

Ndiyo maana nawaambia, watoto: mkisafiri na wenye nguvu kuwazidi, ageni kwanza, watu wajue mmeondoka na nani.