Mdiria na Jalala la Mamba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanaposa na kusengenyana kama sisi, alikuwepo Mamba, mfugaji wa samaki. Bwawa lake lilijaa sato. Nanyi mnaosinzia huko nyuma, amkeni, hadithi hii ina chakula!

Mamba alikuwa akimposea mwanawe binti wa Bi Kenge. Siku ya wakwe kuja ilikuwa inakaribia, naye alitaka sato wanene wa kujaza sinia. Basi akatandaza nyavu ziwa zima, akazoa dagaa wote, akawaanika na kuwatwanga kuwa unga wa kulishia sato wake. Ziwani hakikubaki kitu.

Jirani yake alikuwa Mdiria, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu na makinda wenye njaa.

"Shikamoo, Mzee Mamba. Wanangu wamelala bila kula. Nigawie dagaa japo kidogo."

"Wee! Dagaa ni wa sato wangu. Wanao wafundishe kula upepo!"

Mdiria alilia, tena kwa sauti. Nani asingelia? Halafu akafuta macho, akachungulia nyuma ya jiko la Mamba. Palikuwa na jalala hapo: maganda ya ndizi, ukoko wa ugali, mapapai yaliyooza. Na ndani yake walijaa funza wa nzi, weupe, wanene, wanajinyonganyonga. Msinikunjie pua! Nani amewaambia samaki ana maringo kama yenu?

Akadonoa funza mmoja, akamtupa bwawani. Chubwi! Sato wakamgombania mpaka maji yakaruka ukingoni.

"Ahaa!" akasema Mdiria.

Kesho yake akamkuta Mamba anatwanga dagaa huku akihema.

"Mzee, mtu wa heshima kama wewe unashika mchi? Wakwe wakikukuta hivyo watasemaje?"

Mamba akasita. "Kwani watasemaje?"

"Watasema nyumba hii haina hata wa kumtuma. Niachie mimi kazi ya kulisha sato."

"Kweli kabisa! Shika mchi wako."

Mamba akaenda zake kujilaza juani, mdomo wazi. Mdiria akawabebea wanawe dagaa. Funza akawachemsha, akawaanika juu ya mawe mpaka wakakauka kau, akawatwanga. Du! Du! Du!

Siku moja Mamba akaja kukagua. Akachota unga, akausugua kwa vidole.

"Mbona una mafuta hivi?"

"Nimechagua walionona tu, mzee."

"Hodari! Endelea, endelea."

Makinda wakanawiri. Sato nao wakanenepa mpaka wakawa wanageuka kwa shida.

Siku ya wakwe ikafika. Mamba akavaa kanzu iliyomkaa kwa taabu kwenye magamba. Bi Kenge akaja na dada zake, wakaketi jamvini, wakaletewa sato wa kukaanga kwa ndimu na pilipili. Bi Kenge alikula, akafyonza vichwa, akalamba na kucha.

"Salaale! Mkwe, sato gani hawa? Wanakula nini?"

Mamba akatuna. "Dagaa watupu! Mdiria, hebu lete ule unga wakwe wauone."

Hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiingoja. Mdiria akaruka, akatua karibu na sikio la Mamba, akanong'ona:

"Mzee, dagaa wameliwa na wanangu. Sato wako nimewalisha funza wa jalala lako."

Macho yakamtoka Mamba. Akaachama mdomo mzima ammeze.

"Nimeze, mzee," Mdiria akasema polepole. "Ila wakwe watauliza nimekosa nini, na utawaambia sato waliowatafuna wamelelewa na nini."

Kwap! Mdomo ukafungwa.

"Mnanong'onezana nini?" akauliza Bi Kenge. "Mkwe, nisikilize mimi. Sitaki ng'ombe, sitaki vitenge. Mahari ya binti yangu ni unga huo unaonenepesha sato, na usikatike. Ukikatika, posa yako nakurudishia!"

Jasho likamtoka Mamba, na mnajua mamba hatoki jasho.

"Utapatikana, mkwe... utapatikana." Kisha kwa Mdiria, kwa sauti ya kuomba: "Mwanangu, jirani yangu, utautengeneza?"

"Nitautengeneza. Wewe kaondoe nyavu zako ziwani."

"Zote?"

"Zote, mzee. Sasa hivi, kabla wageni hawajanawa."

"Wakwe zangu," Mamba akasema, "niwieni radhi kidogo. Tumbo!"

Akatimua mbio, kanzu ikimpepea nyuma, akajitosa ziwani, pwaa! Akavuta nyavu, akakata kamba, akarudi kanzu inachuruzika maji.

"Hilo tumbo ni la namna gani, mkwe?" Bi Kenge akauliza.

"La... la mafuriko, mkwe."

Dagaa waliokuwa wamejificha mitoni wakarudi ziwani, wakazaana, kila mama akapata kitoweo cha wanawe. Mamba naye, tangu siku hiyo, akawa analala juu ya jalala lake, na kuku yeyote akisogea kuchakura alingurumiwa: "Toka! Unakula mahari ya mwanangu!"

Mimi nimefika ukingoni, na neno langu ni hili, wanangu: kiburi cha mkubwa ndicho kamba ya mdogo.