Nyota Tatu za Ambilikile

Hii nimeletewa, nami nakuletea. Isome yote, usiruke kwenda mwisho kama wafanyavyo wenye haraka zao.

Kule milimani kwenye mashamba ya chai, ambako mvua ikianza watu husahau jua lilikuwa rangi gani, aliishi mzee mmoja akiitwa Gwakisa. Alikuwa na gari dogo la Kiingereza, gari la mbio la zamani, viti viwili, halina paa, boneti refu kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Gari la kijinga kabisa kwa nchi ya matope. Lakini nani amewahi kumshauri mwanamume kuhusu gari akasikilizwa?

Magari ya namna hiyo yalikuwa mawili tu wilaya nzima. Wazungu wa chai walipofunga mizigo yao waliyaacha kwa madereva wao. Moja likabaki kwa Gwakisa, la pili kwa rafiki yake Ambilikile. Kiwanda kimoja, rangi moja ya kijani, mlio mmoja.

Siku hizo, kila kiangazi kilipokausha barabara, madereva walishindana kushuka mpaka ziwani na kurudi. Walikuwa na desturi yao. Aliyeshinda, wakubwa wa mbio walifungua boneti lake wakagonga nyota ndogo kwenye chuma cha injini, kwa patasi na nyundo. Nyota hiyo haibanduki wala haifutiki. Walifanya hivyo ili asije mjanja na injini ya kuazima akadai ushindi usio wake.

Injini ya Ambilikile iligongwa nyota tatu. Ya Gwakisa haikugongwa hata moja.

"Mnamsifu dereva?" Gwakisa alisema kila pombe ilipomfika kooni. "Sifuni injini. Mpeni punda injini ile, atashinda."

Watu walicheka. Ambilikile naye alicheka, akamnunulia nyingine. Hapo ndipo Gwakisa alipoumia zaidi.

Miaka ikaenda. Mbio zikafa. Ambilikile naye akafa, kwa homa, kitandani mwake, bila makuu. Gari lake likabaki nyuma ya nyumba ya mjane wake, Tusekile, na kuku wakahamia humo. Gwakisa akazeeka. Kifua kikaanza kumbana, na daktari akamwambia kwa sauti ile ya upole wanayotumia wakishakata tamaa, "Mzee, pumzika tu."

Siku moja akasikia tangazo redioni. Mjini kutakuwa na tamasha la magari ya zamani ya mbio. Yatakaguliwa, nyota zitahesabiwa, majina yatatangazwa kwa kipaza sauti mbele ya umati, kisha yatachongwa kwenye bamba la shaba na kutundikwa ukutani.

Gwakisa hakulala vizuri tena. Hakutaka pesa, wala nyumba, wala kupona. Alitaka jina lake lisikike mara moja kwenye kipaza sauti kabla hajafukiwa. Ndilo hilo tu. Wivu wa wanawake unasemwa sana. Wa wanaume huvalishwa koti ukaitwa heshima.

Basi akaenda kwa Tusekile. Alimkuta ameweka mabeseni sebuleni, anakinga maji yanayovuja darini.

"Shemeji, hujambo? Nimekuja kwa wema. Lile chuma la marehemu hapo nyuma linaita radi. Litakuua."

Tusekile hakuinua macho. "Radi gani hiyo, shemeji? Gari lipo hapo miaka yote, halijaua hata kifaranga."

"Radi haina mazoea."

"Hata wewe huna. Tangu msiba umekuja lini hapa?"

Gwakisa akakohoa kidogo, akatazama dari. "Nikuletee mabati. Nyumba nzima uezeke upya. Mimi nikuondolee vyuma hivyo, kimoja kimoja, usipate taabu."

Mama wa watu akatazama mabeseni. Aliyajaza na kuyamwaga tangu alfajiri. Mtu anayevujiwa hana muda wa kuuliza maswali mengi.

"Chukua," akasema. "Kuku uniachie."

Mabati yakaja. Yalikuwa yametumika, yana matundu ya misumari kutoka nyumba ya kwanza. Tusekile akaendelea kukinga maji, ila sasa sehemu nyingine.

Gwakisa akavipeleka vyuma gereji kwa fundi Yona. Injini ilikuwa ya kwanza. Akapangusa mafuta yaliyogandana kwa kidole mpaka nyota zikaonekana, moja, mbili, tatu. Fundi Yona anasema mzee alizipapasa kama mtu anayempapasa mtoto usingizini.

"Hii ndiyo itaingia kwenye gari langu," akasema. "Ile yangu toa."

Ikatolewa. Baadaye wakaona giaboksi la zamani halielewani na injini mpya, wakachukua la Ambilikile. Kisha milango, kwa sababu ya Gwakisa ilikuwa imeliwa na kutu. Kisha usukani, dashibodi, magurudumu ya spoki. Kila walichotoa kwenye gari la Gwakisa, mzee aliwaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Wakaja na mkokoteni, wakakata, wakaondoka. Injini iliyeyushwa ikawa sufuria, boneti likawa karai la kukaangia.

Ilipobaki fremu ya chini peke yake, fundi Yona akaweka spana chini.

"Mzee, hata hii tubadili? Ya marehemu ni nzima zaidi, sikatai. Lakini tukiiondoa hii, lako limebaki lipi?"

"Nimebaki mimi," Gwakisa akajibu. "Endelea."

"Haya. Gari ni lako."

"Ndiyo. Ni langu."

Wakapiga msasa, wakanyoosha bodi, wakapaka rangi ya kijani hadi ikang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Injini ilipowaka, mafundi wote waligeuka kutazama. Ulikuwa mlio uleule. Gwakisa alisikia kifua kinafunguka, au alidhani hivyo.

Siku ya tamasha alivaa suti. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha, umati umejifunika makoti na magunia ya nailoni. Mkaguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani puani, kitambaa cha kufutia mafuta mkononi. Akafungua boneti. Akainama.

"Yesu wangu," akasema taratibu. "Nyota tatu."

"Tatu," Gwakisa akasema.

"Baba yangu ndiye aliyezigonga. Nilikuwa namshikia patasi." Yule mama akanyooka, macho yamelowa. Akamgeukia mtangazaji. "Andika. Gari la Ambilikile."

Gwakisa akadhani hakusikia vizuri. "Mama, samahani. Mwenye gari ni mimi. Gwakisa."

"Nakuamini, baba. Lakini hapa hatutangazi mwenye gari. Matajiri wananunua na kuuza haya magari kama nyanya. Hapa tunatangaza aliyelikimbiza." Akaligonga boneti kwa upendo. "Hebu, wewe ni wa mlimani. Kulikuwa na jingine kama hili, pacha wake. Halijulikani liko wapi?"

Gwakisa akafuta matone ya mvua kwenye kioo cha gari.

"Lile la bwana mmoja, jina limenitoka, aliyetobokewa na rejeta mlimani, mwaka wa mvua ya mapema. Akatafuna sabuni ya kufulia ikalainika, akaziba tundu, akafika wa mwisho usiku na povu mdomoni. Wote waliotangulia walikuwa wameshakunywa na kulala. Baba yangu alimsubiri na taa. Mpaka anakufa alituambia, nyota nilimpa Ambilikile, lakini dereva niliyemwona maisha yangu yote ni yule wa sabuni. Alisema kosa lake ni kutomgongea na yeye nyota. Mimi nimekuja hapa na patasi ya baba. Kila mwaka nakuja nayo. Tukilipata hilo gari, nitaligongea mwenyewe."

Siku ile ya sabuni Gwakisa hakuwahi kumsimulia mtu. Aliionea aibu maisha yake yote. Aseme nini? Ni mimi? Wangemwambia, lete gari. Na gari lake lilikuwa linakaanga maandazi mjini. Na kama angesema vyuma hivi nimevichanganya, wangemuuliza alivipataje, na angelazimika kutaja mabati.

"Silijui," akasema.

"Pole yetu. Na wewe kwa Ambilikile ni nani? Ndugu?"

Gwakisa akatazama matope kwenye viatu vyake vipya.

"Mimi ni dereva tu."

Kipaza sauti kikalia. Ambilikile! Ambilikile! Wazee waliokumbuka wakasimama, kina mama wakapiga vigelegele, na Gwakisa akazunguka uwanja mzima kwenye mvua, mikono kwenye usukani wa mwenzake, akisikiliza jina ambalo alikuwa amelikimbia tangu ujana wake. Bamba la shaba likachongwa. Lipo mpaka leo. Jina lake halimo.

Hakuumaliza msimu ule wa mvua. Kifua kilimshinda. Msibani, kijana mmoja wa kanisani alipewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu, na kwa kuwa hakuna aliyejua mengi, aliwaomba waombolezaji wamsaidie. Kisha akasimama karibu na jeneza, akasoma kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie:

"Marehemu mzee Gwakisa alikuwa mtu mkimya. Atakumbukwa kwa kuliendesha gari la Ambilikile."

Tusekile alikuwepo, amekaa mkekani na wenzake. Hakucheka wala hakulia. Alisema tu, "Masikini," akajifunika kanga kichwani kwa sababu mvua ilikuwa imeanza tena.

Funzo: Usivunje cha kwako ili ujivike cha mwenzio, kwani siku ya kuitwa, litaitwa jina la mwenzio, na huenda chako ulichokitupa ndicho walichokuwa wakikutafutia.